Herufi n iliyokataa kusimama: niliyojifunza nikiandika draiva ya EC

Ilianza kwa herufi n. Nilikuwa naandika amri kwenye terminali, kidole kimeshatoka kwenye kitufe, lakini n ikaendelea kujipanga: nnnnnnnn, mstari ukajaa, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Nikabonyeza vitufe vingine, wapi. Kipanya cha USB kilisogea kama kawaida, saa ya pembeni ilikwenda, na faili niliyokuwa napakua iliendelea kushuka bila wasiwasi. Kompyuta ilikuwa hai kabisa. Kilichokufa ni kibodi peke yake.

Nikashikilia kitufe cha kuwashia, nikahesabu mpaka kumi. Hakuna kitu. Nikaiagiza ijiwashe upya kwa kutumia kipanya. Mashine iliwaka, kibodi ikabaki mfu vilevile. Mwishowe nikafungua skrubu za chini, nikachomoa waya wa betri kwenye ubao mama, nikangoja dakika chache, nikaurudisha. Hapo ndipo vitufe vikarudi.

Chanzo nilikuwa mimi mwenyewe. Kwenye dirisha la pili nilikuwa nimeacha skripti ya mistari kama 20 inayosoma kasi ya feni kila nusu sekunde. Ilikuwa inaongea na EC moja kwa moja kupitia /dev/port, faili ya Linux inayofungua poti za maunzi, na sikujua kwamba kuna mwingine anayeongea nayo wakati uleule.

Kwa asiyeifahamu: EC (embedded controller) ni kidhibiti kidogo kilichopachikwa kwenye ubao mama wa laptopu. Ni kompyuta ndani ya kompyuta, yenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na fimwea yake, yaani programu iliyokaa ndani ya maunzi. Ndiyo inayosoma vitufe vya kibodi, inayosimamia kuchaji betri, inayozungusha feni, inayojua kama kifuniko kimefungwa, na mara nyingi ndiyo inayopokea kitufe cha kuwashia. Inakaa macho hata laptopu ikiwa imezimwa, maana lazima awepo mtu wa kungoja kitufe hicho kibonyezwe. Kwa hiyo kuzima na kuwasha mfumo hakuirudishi EC mwanzo. Ikishachanganyikiwa, huamka na mkanganyiko wake. Nilipochomoa betri ndipo nilipoikatia umeme kweli.

Na ile n? EC iliganda baada ya kutoa taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa, na kabla ya kutoa taarifa kwamba kimeachiliwa. Mfumo wa madirisha ndio unaorudia herufi wenyewe mpaka uambiwe kidole kimetoka, na taarifa hiyo haikufika.

Niliporudi kusoma jinsi mazungumzo haya yanavyofanyika, nilishangaa jinsi njia yenyewe ilivyo nyembamba. Viwango vya ACPI, vinavyoeleza jinsi mfumo wa uendeshaji unavyosimamia maunzi na umeme, na ambavyo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, vinaipa EC milango miwili tu. Kwenye kompyuta nyingi ni poti 0x62 kwa data, na 0x66 kwa amri (0x ni alama ya nambari za mfumo wa kumi na sita). Ukisoma 0x66 unapata hali. Ndani ya baiti ya hali kuna biti mbili zinazobeba kila kitu. Biti 0, OBF, inasema "nimekuwekea kitu, chukua". Biti 1, IBF, inasema "ulichoniletea bado sijakichukua, subiri".

Kusoma baiti moja ni ibada nzima. Unangoja IBF iwe 0. Unaandika 0x80, amri ya kusoma, kwenye 0x66. Unangoja tena IBF iwe 0. Unaandika anwani kwenye 0x62. Unangoja OBF iwe 1. Unachukua baiti yako kwenye 0x62. Kuandika ni vilevile, ila amri ni 0x81, na baada ya anwani inafuata thamani. Hakuna mahali popote katika mlolongo huu ambapo EC inauliza: wewe ni nani? Inaona baiti zikiingia kwa zamu, basi.

Sasa weka wasemaji wawili. Skripti yangu imetuma 0x80 na inajiandaa kuweka anwani. Hapohapo kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambayo ina shughuli zake za betri, inatuma 0x81 na kuweka anwani yake, inataka kuandika. Skripti, isiyojua lolote, inaweka anwani yake kwenye 0x62. Kwa EC, hiyo siyo anwani tena. Ni thamani ya kuandikwa. Inaichukua na kuiandika kwenye rejista (nafasi ya kumbukumbu ya EC) iliyotajwa na kerneli, kisha thamani halisi ya kerneli inafika bila amri yoyote mbele yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa zizi lina milango miwili tu. Skripti yangu ilikuwa ya kusoma tu, na bado iliweza kusababisha maandishi mabaya. Kabla ya usiku ule niliamini kwamba kusoma hakuvunji kitu.

Kwenye Linux, mwenye zizi ni faili moja: drivers/acpi/ec.c. Inatoa kazi (functions) chache kwa draiva nyingine, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuongea na maunzi: ec_read, ec_write, na ec_transaction kwa aliye na amri ya peke yake. Ukipitia humo, unapanga foleni. Kuna kufuli linalohakikisha muamala mmoja unakamilika kabla mwingine haujaanza, na ikiwa fimwea ya mashine imeeleza kwamba nayo inagusa EC, kerneli inachukua pia kufuli la pamoja la ACPI. Ukomo wa kungoja ni milisekunde 500 kwa kawaida. Nilitupa skripti nikaanza kuandika moduli ya kerneli, kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani yake, nikidhani kazi ngumu imeisha.

Kosa lililofuata lilikuwa la mistari miwili. ec_read hurudisha 0 ikifaulu na nambari hasi ikishindwa. Baiti yenyewe inawekwa kwenye kigeu ulichoipa. Mimi nilikianzisha kigeu kwa 0 na sikuangalia jibu. Mara moja moja EC ilikuwa na shughuli, muda unaisha, ec_read inarudisha kosa, na draiva yangu inatangaza kwa utulivu kwamba kichakataji kina joto la nyuzi 0. Programu niliyoiandika ya kurekebisha feni ikaamini, ikapunguza kasi katikati ya kazi nzito. Tangu hapo ninashikilia hili bila kulegea: draiva ikishindwa kusoma, iseme imeshindwa. Nambari ya uongo iliyovaa sura ya kawaida ni mbaya kuliko kukosa nambari kabisa, kwa sababu programu za juu hazina namna ya kuitambua.

Kujua rejista gani ni ya nini kulichukua wiki kadhaa, na ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nafasi ya EC ni baiti 256, anwani 0x00 hadi 0xFF, na mtengenezaji hakuwa ametoa maelezo yoyote. Nilianza na DSDT, jedwali la ACPI ambamo fimwea inaueleza mfumo maunzi ya mashine: unalitoa kwa acpidump, unalifasiri kwa iasl -d, unatafuta OperationRegion ya aina ya EmbeddedControl. Chini yake kuna majina ya herufi nne nne na ukubwa wake kwa biti. Ya betri yalikuwa wazi. Ya feni hayakuwapo.

Kwa hiyo nikapakia moduli ya ec_sys, inayoonyesha baiti zote 256 kupitia /sys/kernel/debug/ec/ec0/io, na nikaiacha katika hali yake ya awali ya kusoma tu. Kisha kazi ya subira: piga picha ya baiti zote, badilisha jambo moja tu, piga picha nyingine, linganisha. Chomeka chaja: baiti tatu zikabadilika. Chomoa: zikarudi mbili, ya tatu ikaendelea kusogea polepole, kumbe ni chaji ya betri. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja umeharibu somo. Nilipokipa kichakataji kazi nzito, baiti mbili zilizokaa jirani zilianza kupanda pamoja na mngurumo wa feni. Niliweka sikio karibu na matundu ya hewa huku macho yakiwa kwenye skrini. Ingekuwa zinashuka feni inapopanda, ningejua kwamba EC inatoa muda wa mzunguko mmoja badala ya idadi ya mizunguko, kwani zipo zinazofanya hivyo. Zangu zilipanda sawia: mizunguko kwa dakika, baiti ya chini kwanza, ya juu ikifuata.

Baiti mbili zilileta fumbo lake. Feni ilikuwa inazunguka karibu mara 4,100 kwa dakika, lakini kila baada ya muda grafu ilionyesha 4,350, halafu inarudi papo hapo. Feni haiwezi kuruka mizunguko 250 na kurudi ndani ya kufumba na kufumbua, ina uzito. Nilishuku kihisi, nikashuku waya. Jibu nililipata nilipoandika nambari kwa mfumo wa kumi na sita. 4,094 ni 0x0FFE. 4,099 ni 0x1003. Draiva ilisoma baiti ya chini, FE, kisha EC ikabadilisha thamani, kisha draiva ikasoma baiti ya juu, 10. Ukiziunganisha unapata 0x10FE, yaani 4,350. Nusu ya jana na nusu ya leo. Kufuli la kerneli halisaidii hapa, maana linazuia wasemaji wa upande wetu tu. EC yenyewe iko huru kubadilisha kumbukumbu yake wakati wowote. Dawa ni kusoma ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena. Zile mbili za juu zikitofautiana, rudia. Baada ya marekebisho hayo sikuona tena mruko hata mmoja.

Nikafika kwenye kuandika, na hapa naomba kuenda polepole.

Toleo langu la kwanza la kiolesura lilikuwa faili moja. Uliipa anwani na thamani, nayo ikaandika. Niliona ni uhuru: kwa nini draiva imfungie mtu mashine yake? Rafiki yangu mwenye laptopu ya familia hiyohiyo, ila ya toleo jingine, akaichukua. Alikuwa na skripti yenye anwani zilizofaa kwa yangu. Kwenye yake, anwani ileile ilikuwa ya ngazi ya feni, na thamani iliyoandikwa ilikuwa 0. Feni ikasimama. Alipoona joto linapanda akafanya jambo la busara kwa mtu yeyote: akaondoa moduli. Lakini kuondoa moduli hakukufuta kilichoandikwa. EC iliambiwa feni ikae kwa ngazi ya 0 na mtu wa kuiambia vinginevyo alikuwa ameondoka chumbani. Kichakataji kikapunguza kasi chenyewe, kisha kinga ya joto ikakata umeme. Mashine ilipona. Mimi sikulala vizuri kwa siku kadhaa.

Nilielewa basi kwamba faili ile haikuwa kiolesura. Ilikuwa tundu ukutani. Kazi ya draiva mbele ya EC siyo kupitisha baiti. Baiti zinapita hata bila yeye. Kazi yake ni kujua maana ya kila baiti, kupitisha zile tu ambazo ina uhakika nazo, na kubeba wajibu wa kila inachoandika mpaka mwisho. Nilifuta faili ile nikaanza upya.

Kwanza, draiva inapakiwa tu kwenye mashine inayoijua. Inalinganisha jina la modeli kutoka DMI, taarifa ambazo mashine hujitambulisha nazo, na orodha, na nje ya orodha inakataa. Orodha yangu ilianza na jina moja. Niliongeza pia kuangalia toleo la fimwea ya EC, baada ya sasisho moja kuhamisha rejista mbili.

Pili, nje hakuna anwani tena. Nilitumia hwmon, mfumo ambao kerneli tayari inao kwa vihisi na feni, wenye majina na vipimo vilivyokubaliwa: temp1_input kwa sehemu za elfu za nyuzi, kwa hiyo nyuzi 45 ni 45000, fan1_input kwa mizunguko kwa dakika, pwm1, nguvu ya feni, kutoka 0 hadi 255, na pwm1_enable inayosema nani anaendesha feni, mtumiaji au mashine. Faida yake ilionekana siku hiyohiyo. Amri ya sensors ilionyesha feni yangu bila mimi kuandika chochote upande wa mtumiaji.

Hapo kwenye pwm1 pana mtego mdogo. EC yangu ina ngazi 8, 0 mpaka 7, na nje kuna 0 mpaka 255. Nilizidisha kwa 7 nikagawanya kwa 255, kwa hesabu ya nambari kamili. Mtu akiandika 30, anatarajia feni ya polepole. Hesabu inampa 0.82, sehemu ya desimali inakatwa, anapata 0. Feni imesimama na yeye ameomba izunguke. Sasa ninakweza juu kila mara, na 0 yenyewe draiva inairudisha kwa kosa. Kuna waliolalamika kwamba wanataka ukimya kamili. Wanaweza kuiachia EC iamue. Ikiona mashine ni baridi inazima feni yenyewe, na itaiwasha yenyewe.

Tatu, na hili ndilo lililonigharimu msimbo mwingi kuliko yote, draiva inarudisha usukani. Moduli ikiondolewa, feni inarudi kwa EC. Mashine ikizimwa, vilevile. Na kuna saa ya ulinzi: ukiwa umechukua usukani kwa mkono na programu yako ikanyamaza kwa muda, draiva inafikiri imekufa na inarudisha hali ya kujiendesha. Wazo hili silo langu; draiva ya thinkpad_acpi, ya laptopu za ThinkPad, ina fan_watchdog inayopangwa hadi sekunde 120, na hata kuruhusu kuendesha feni kumefungwa mpaka uombe kwa fan_control=1. Niliposoma msimbo ule nilihisi mkono wa watu waliokwisha kuona feni ikisimama.

Nimewahi pia kufanya kazi kidogo na EC za Chromebook, na nawaonea wivu wanaoanzia huko. Fimwea yake iko wazi, na mazungumzo yake ni ujumbe kamili badala ya baiti moja moja: namba ya amri, toleo lake, urefu wa kwenda, urefu wa kurudi, na jibu linalosema imefaulu au kwa nini haikufaulu. Toleo la 3 la itifaki lina baiti ya uhakiki: jumla ya baiti zote za ujumbe lazima iishie 0. Kuna hata amri ya salamu. Unaipa nambari, inakurudishia ikiwa imeongezewa 0x01020304, na hapo unajua upande wa pili yupo na anakusikia sawasawa. Joto linahifadhiwa kwa kelvini baada ya kutoa 200, kwa hiyo baiti 118 ni kelvini 318, kama nyuzi 45. Thamani za juu kabisa zimetengwa kumaanisha kihisi hakipo au kina hitilafu. Mtu alikaa akafikiria siku ambayo kusoma kutashindwa, akaiachia nafasi. Kwenye EC yangu, 0xFF inaweza kuwa chochote.

Jambo la kupigapiga hodi nililigundua kwa kuchelewa. Draiva yangu ilikuwa ikisoma rejista zote kila programu ilipouliza, na programu tatu zilikuwa zikiuliza kila sekunde. Kila baiti ni ile ibada nzima ya kungoja, na wakati EC inanijibu mimi, inachelewa kusoma vitufe. Nilianza kupoteza herufi nikiandika haraka. Sasa thamani zinahifadhiwa kwa sekunde moja, na atakayeuliza mara kumi ndani yake anapewa ileile. Kwa matukio kama kifuniko au chaja, hakuna haja ya kuuliza kabisa. EC ina biti ya kuinua mkono, SCI_EVT, kerneli inatuma 0x84 kuuliza kuna nini, na jibu ni namba ya tukio.

Kilichobaki kikawa kulala. Mashine inapolala na kuamka, EC inaweza kukumbuka ulichoiambia au ikasahau, na draiva haina ruhusa ya kukisia. Kabla ya kulala inarudisha feni kwa EC. Baada ya kuamka inasoma kwanza, kisha inaweka tena chaguo la mtumiaji. Nililijaribu hilo kwa mkono, kifuniko kwa kifuniko, jioni nzima. Mara ya mwisho niliacha feni kwenye ngazi ya 3, nikafunga, taa ikaanza kupepesa polepole, nikaenda kunywa maji. Niliporudi na kufungua, feni ilinguruma kwa sekunde mbili kwa amri ya EC yenyewe, kisha ikashuka taratibu mpaka ngazi ya 3. Nikaandika neno la siri. Lina n mbili ndani yake, na zikaingia mbili.